Jinsi ya Kujua Kama Kuna Mtu Anatumia Intaneti ya Nyumbani Kwako: Mwongozo Kamili

Wanaojaribu kazi hii peke yao karibu wote hukwama mahali pamoja. Mtu huona intaneti imekuwa nzito, anafungua ukurasa wa ruta, anakuta majina kumi na moja kwenye orodha, matano kati yake hayajui, naye papo hapo anabadilisha nenosiri. Wiki inayofuata, vifaa vya nyumbani vikiwa vimeshapewa nenosiri jipya, anarudi kuangalia na kuyakuta majina yale yale matano. Anaamini kwamba amevamiwa na mtaalamu asiyeshindwa na nenosiri lolote, kumbe matano hayo ni runinga yake, printa yake, saa ya mkononi ya mwanawe na vitu vingine viwili alivyoviunganisha mwenyewe na kuvisahau.

Kosa hilo ni la mpangilio: ameanza kumtafuta mgeni kabla ya kuwajua wa nyumbani. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa hazigusi ruta kabisa. Ni hatua zinazochosha, na najua zinavutia kurukwa, lakini zisipofanyika zote zinazofuata zitakupa mashaka tu bila jibu.

Ielewe pia thamani ya dalili ulizo nazo. Intaneti kuwa nzito si ushahidi wa mgeni. Simu inayopakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kompyuta inayoshusha masasisho, au ruta za majirani zinazogombania chaneli moja na yako katika bendi ya 2.4 GHz (mojawapo ya masafa ya redio yanayobeba Wi-Fi), ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida (1, 6 na 11), huleta uzito ule ule. Taa ya Wi-Fi inayopepesa usiku nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa ruta hutangaza jina lake mara kadhaa kila sekunde hata pale ambapo hakuna kifaa kilichounganishwa.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi na kalamu. Usitumie simu kuandikia, kwa sababu simu yenyewe ni miongoni mwa vitu utakavyovizima.
- Kompyuta yenye tundu la kebo ya mtandao, pamoja na kebo yake. Simu inatosha usipokuwa nayo, ila kompyuta iliyounganishwa kwa kebo haitakatika utakapobadilisha nenosiri.
- Nenosiri la usimamizi wa ruta. Hili ni tofauti na nenosiri la Wi-Fi: la Wi-Fi hukuruhusu kutumia intaneti, la usimamizi hukuruhusu kubadilisha mipangilio. Mara nyingi yote mawili yamechapishwa kwenye stika iliyo chini au nyuma ya ruta.
- Saa moja na nusu hadi mbili, wakati ambapo watu wote wa nyumbani wapo na vifaa vyao, na hakuna aliye katikati ya kikao au mtihani wa mtandaoni.

Usiguse kitufe kidogo kilichozama ndani ya tundu nyuma ya ruta. Kukibonyeza kwa takribani sekunde kumi hurudisha ruta katika hali ya kiwandani na kufuta mipangilio ya mtoa huduma, na bila mipangilio hiyo unaweza kukaa bila intaneti hadi fundi afike.

## Hatua ya 1: Hesabu kila kitu kinachotumia Wi-Fi

Pita chumba hadi chumba na karatasi mkononi. Anza na vinavyoonekana: simu, kompyuta mpakato, tableti, runinga. Kisha rudia mzunguko ukitafuta vile ambavyo havina sura ya kompyuta: printa, kamera ya ulinzi, kengele ya mlangoni, balbu janja, soketi janja, spika, kisimbuzi, saa za mkononi, mzani wa bafuni, konsoli ya michezo, mita ya umeme wa jua, simu ya zamani iliyobaki drooni ikiwa imewashwa.

Waulize wote unaoishi nao, kila mmoja peke yake. Watoto husahau kutaja kifaa cha kuchezea. Watu wazima husahau kompyuta ya kazini wanayokuja nayo jioni.

Kwa kila kifaa andika mmiliki, chumba kilipo, na kama kinatumia Wi-Fi au kebo. Ukimaliza, andika jumla chini ya karatasi na uizungushie duara. Usishangae jumla hiyo ikizidi mara mbili ile uliyokuwa nayo kichwani.

## Hatua ya 2: Andika anwani ya MAC ya kila kifaa

Majina yanayoonekana kwenye ruta hayaaminiki, kwani kifaa ndicho kinachojitaja na mtu anaweza kukipa jina lolote. Kitambulisho cha kulinganishia ni anwani ya MAC, yaani herufi na tarakimu kumi na mbili zilizopangwa katika jozi sita, kwa mfano A4:5E:60:1B:7C:09. Windows huziandika kwa vistari badala ya nukta pacha. Anwani ni ile ile.

Hivi ndivyo unavyoipata:

- Kwenye Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao wako, kisha angalia maelezo yake.
- Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya Wi-Fi na uguse alama ya «i» iliyo kando ya jina la mtandao.
- Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike `ipconfig /all`, kisha utafute mstari wa «Physical Address» ulio chini ya kadi ya Wi-Fi. Kadi ya kebo ina anwani yake tofauti, hivyo usizichanganye.
- Kwenye runinga na printa, angalia ukurasa wa hali ya mtandao.
- Kwa vifaa visivyo na skrini, soma stika iliyoko chini yake au kwenye boksi lake.

Hapa kuna mtego ambao umewapoteza wengi. Simu za leo hazionyeshi anwani zao halisi. Kuanzia Android 10, na kuanzia iOS 14 iliyotoka mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao ili mtu asiweze kufuatilia nyendo za mwenye simu. Kwa hiyo usichukue anwani iliyo kwenye ukurasa wa «Kuhusu simu». Chukua ile inayoonyeshwa ndani ya maelezo ya mtandao wa nyumbani kwako, kwa sababu hiyo ndiyo ruta inayoiona.

Mtego huo una uso wa pili. Kama ruta yako inatangaza majina mawili, moja la 2.4 GHz na jingine la 5 GHz, simu moja inaweza kuwa na anwani mbili tofauti, na ruta itaihesabu kama vifaa viwili. Unganisha simu kwenye kila jina kwa zamu na uandike anwani zote mbili.

Ipo namna rahisi ya kutambua anwani ya bandia kwa macho: angalia herufi ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Kwa mfano, katika DA:31:90:44:0F:2E herufi ya pili ni A, kwa hiyo imetungwa na kifaa chenyewe. Karibu kila mara hiyo huwa ni simu, tableti au kompyuta. Mara chache ni kifaa cha kuongezea masafa ya Wi-Fi.

Utajua umefanikiwa pale ambapo kila mstari wa karatasi yako una anwani. Vikibaki viwili vitatu visivyojulikana, viwekee alama ya kuuliza na uendelee. Hatua ya 5 itavifichua.

## Hatua ya 3: Ingia kwenye ruta

Ruta ina anwani yake ndani ya nyumba. Zinazotumika sana ni 192.168.0.1 na 192.168.1.1, na baadhi hutumia 192.168.8.1, 192.168.100.1 au 10.0.0.1. Usibahatishe. Kwenye Windows andika `ipconfig` na usome mstari wa «Default Gateway». Kwenye iPhone ni mstari wa «Router» katika ukurasa ule ule wa alama ya «i». Kwenye Android ni lango lililotajwa katika maelezo ya mtandao.

Fungua kivinjari, andika anwani hiyo kwenye upau wa anwani wa juu kabisa wala si kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha bonyeza ingiza. Kama unatumia simu, zima kwanza data ya laini yako, vinginevyo simu inaweza kuitafuta anwani hiyo nje ya nyumba na ikaikosa.

Kivinjari kikitoa onyo kwamba muunganisho si salama, jambo hilo ni la kawaida kwa ruta ya nyumbani, mradi una uhakika kwamba anwani uliyoandika ni ya lango lako. Nenosiri likikataliwa, usijaribu mara kumi mfululizo, kwa kuwa ruta nyingi hujifunga kwa dakika kadhaa. Soma stika tena ukitofautisha sifuri na O, na tarakimu 1 na l. Baadhi ya watoa huduma wamehamishia usimamizi wote kwenye programu yao ya simu; hapo utaingia kwa programu hiyo, na orodha utakayoikuta ni ile ile.

## Hatua ya 4: Soma orodha kwa utulivu

Tafuta sehemu yenye jina kama «Connected Devices», «Wireless Clients», «Attached Devices» au «DHCP Client List». Majina haya yanafanana lakini orodha zake hazifanani, na kutozitofautisha ndiko kunakozaa wageni wengi wasiokuwepo.

Orodha ya DHCP ni daftari la wapangaji. Kifaa kinapoingia, ruta hukikodisha anwani ya IP, ya namna ile ya 192.168, kwa muda fulani, mara nyingi saa 24, na mstari wake hubaki daftarini hadi muda uishe hata kama chenyewe kimeshaondoka. Simu ya binamu aliyekuja kula chakula cha mchana bado itasomeka humo usiku. Orodha ya vifaa vya Wi-Fi, kwa upande mwingine, huonyesha vilivyoshikana na ruta wakati huu. Unayoihitaji kwanza ni hii ya pili. Ile ya DHCP ihifadhi kwa ajili ya kuangalia nani alipita.

Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya orodha nzima pamoja na tarehe na saa. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako pekee, kwani orodha yenyewe inaweza kupotea mara ruta ikizimwa.

Sasa linganisha mstari mmoja mmoja na karatasi yako, anwani kwa anwani, na utie alama kwa kila uliyoipata. Iliyobaki bila alama ichunguze kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mtengenezaji. Jozi tatu za mwanzo za anwani halisi hutolewa kwa kampuni na taasisi ya IEEE, na rejista yake iko wazi kwa umma, kwa hiyo ukitafuta A4:5E:60 utapata jina la kampuni. Hata hivyo kampuni hiyo mara nyingi ni iliyotengeneza kijikadi cha Wi-Fi, wala si ile ambayo jina lake liko kwenye boksi. Espressif kwa kawaida ni balbu, soketi au kihisi. AzureWave, Murata na Hon Hai huweza kuwa kompyuta, runinga au kamera ya chapa yoyote unayoijua. Kwa anwani za bandia njia hii haifanyi kazi hata kidogo.

Ya pili ni nguvu ya mawimbi, na binafsi naiona kuwa na thamani kubwa kuliko jina lolote. Ruta nyingi huonyesha kwa kila kifaa namba hasi yenye kipimo cha dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kifaa kilivyo karibu. Simu iliyo chumba kimoja na ruta husoma takribani −40, na iliyo nyuma ya kuta mbili huweza kusoma −65. Ikiwa vifaa vyako vyote viko kati ya −35 na −65, halafu kuna kimoja kinachosoma −82 saa zote, hicho kiko mbali au nyuma ya kuta nyingi. Chukua simu yako, nenda nayo kona ya mbali kabisa ya nyumba na uone inasoma ngapi: ukipata −70 mahali ambapo nyumba inaishia, basi −82 kuna uwezekano mkubwa kwamba iko nje. Namba hii haimtaji mtu, ila inakuonyesha upande wa kutazama.

## Hatua ya 5: Zima kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua inayokata shauri. Kaa kwenye kompyuta yenye kebo, na mtu mwingine akusaidie kuzunguka. Kifaa kimoja kinazimwa Wi-Fi yake au kuchomolewa umeme, unasubiri dakika mbili au tatu, unapakia upya ukurasa, unaona mstari gani umetoweka, unaandika. Kisha kinafuata kingine.

Kufunga skrini ya simu hakutoshi. Simu iliyolala huachia Wi-Fi na kuirudia yenyewe, hivyo mstari utapotea na kurudi ukakuchanganya. Vifaa vilivyozimwa vibaki vimezimwa hadi mwisho.

Ukimaliza karatasi yote, orodha ya Wi-Fi inapaswa kuwa tupu (au kubaki na simu unayoitumia tu, kama huna kompyuta yenye kebo). Ikiwa tupu, na ukairudia kesho saa nyingine ikawa tupu tena, huna mgeni anayeingia moja kwa moja kwenye ruta yako.

Mstari ukibaki, usimtaje jirani bado. Mimi mwenyewe niliwahi kubaki na mstari mmoja, ESP_ ukifuatwa na herufi sita, ambao ulisoma −58 mchana na usiku bila kuyumba. Kwa siku mbili nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu ameshinda mlango wangu, hata salamu zangu na nyumba ya pili zikawa za shingo upande, jambo ninalolijutia hadi leo. Jioni ya tatu mtu alizima swichi ya ukutani ya taa ya barazani, na nilipopakia upya ukurasa mstari ule haukuwepo. Ilikuwa balbu janja niliyoifunga mwenyewe mwaka mmoja kabla. Tangu hapo, mstari unapogoma kuondoka, naanza na swichi za ukutani na soketi zilizojificha nyuma ya makabati.

Njia ya mwisho kabisa ya kuvua vitu vya nyumbani ni swichi kuu: zima umeme wa nyumba nzima isipokuwa saketi inayolisha ruta, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kifaa cha matibabu kinachotegemea umeme huo. Mstari unaobaki baada ya hapo unatumia betri, au uko nje.

## Hatua ya 6: Angalia kwa jicho la pili

Baadhi ya ruta huonyesha orodha pungufu, hasa za zamani. Sakinisha programu ya kuchunguza mtandao, kama Fing kwenye simu, au Nmap kwenye kompyuta kwa amri `nmap -sn 192.168.1.0/24`, ukiweka mwanzo wa anwani ya mtandao wako. Amri hiyo hubisha hodi kwenye anwani zote za mtandao huo na kuonyesha zilizoitika.

Zingatia kwamba programu hizi haziwezi kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa wageni, na simu iliyolala huenda isiitike. Kwa hiyo zichukue kama nyongeza ya orodha ya ruta, wala zisiwe mbadala wake. Zitumie kwenye mtandao wako tu.

## Hatua ya 7: Mgeni aliyejificha nyuma ya kifaa chako

Orodha inaweza kuwa safi na bado mtu akawa anatumia intaneti yako. Kompyuta ya Windows, na simu kadhaa za Android, huweza kupokea Wi-Fi na wakati huo huo kuigawa kwa wengine kama hotspoti. Ruta huona kompyuta moja tu; walio nyuma yake hawaonekani. Kijana anayemgawia rafiki yake wa ukuta wa pili namna hii hajavunja nenosiri lolote.

Kinachomfichua ni kiasi cha data. Ikiwa ruta yako inaonyesha matumizi ya kila kifaa, tafuta kile kinachotumia kuliko mwenyewe anavyoweza kutumia, hasa katika saa ambazo mwenyewe amelala.

Ikiwa haionyeshi, fanya jaribio la usiku. Tenganisha vifaa vyote, acha ruta ikiwaka, andika namba za data iliyotumwa na kupokelewa kwenye ukurasa wa takwimu, kisha zisome tena asubuhi. Megabaiti chache ni kazi za ruta yenyewe, kama kusahihisha saa na kuwasiliana na mtoa huduma. Gigabaiti nzima haiwezi kuwa hivyo. Na kama mgeni wako anapitia kompyuta ya mtu wa nyumbani, jaribio hili halitamwonyesha maana umeizima. Basi rudia usiku wa pili ukiacha kifaa kimoja unachokishuku.

Angalia pia nyuma ya ruta. Kila kebo inayotoka hapo ifuate kwa mkono hadi mwisho wake, kwa sababu nenosiri la Wi-Fi halizuii kebo.

## Hatua ya 8: Funga mlango

Fanya haya kwa kompyuta yenye kebo, kwa mpangilio huu.

1. Zima WPS. Huu ni utaratibu wa kuunganisha kwa namba ya siri ya tarakimu nane. Mwezi Desemba 2011 ilibainishwa hadharani kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili na tarakimu ya mwisho hutokana na zile za mbele yake, hivyo mtu huhitaji kujaribu mara 11,000 tu kwa wingi. Ukiiacha ikiwaka, nenosiri jipya halitakulinda.
2. Chagua usalama wa WPA3, au WPA2 yenye AES kama una vifaa vya zamani. Kati ya chaguo za zamani utakazoziona hapo, WEP imeshavunjwa miaka mingi, na TKIP haifai tena.
3. Weka nenosiri jipya. Kipimo kinachoruhusiwa ni herufi 8 hadi 63. Weka zisizopungua 16. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka kuliko vurugu la alama. Usitumie namba ya simu, jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.
4. Fanya hivyo kwa bendi zote mbili na kwa mtandao wa wageni. Wengi hubadilisha ya 5 GHz na kuiacha ile ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo inayofika mbali zaidi nje ya kuta.
5. Zima ruta, subiri nusu dakika, washa. Kila aliyekuwa na nenosiri la zamani amebaki nje.

Sasa rudisha vifaa vyako kimoja kimoja, ukitia alama kwenye karatasi. Orodha ikilingana na ile jumla uliyoizungushia duara, umefika.

Nenosiri hili jipya usimpe mtu asiyeishi hapo. Mgeni apewe la mtandao wa wageni. Si suala la kutomwamini. Tangu Android 10, simu yoyote ya Android iliyounganishwa huweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao huo, na mwingine akaupiga picha na kuingia bila kuuliza. Unayemwambia mmoja umewaambia na wasiokuwepo.

Kuna mambo mawili ambayo husifiwa sana na mimi sishauri uyategemee. Kuficha jina la mtandao hakumfichi mtu, kwani vifaa vyako vinalitaja vyenyewe vinapojiunga. Kumzuia mgeni kwa anwani yake ya MAC nako hudumu hadi pale simu yake itakapojitungia anwani nyingine.

## Hatua ya 9: Hakikisha hakugusa mipangilio

Aliyeingia kwenye Wi-Fi anaweza kuwa aliingia na kwenye usimamizi, hasa kama nenosiri lake lilikuwa bado lile la stika. Libadilishe, na lisifanane na la Wi-Fi.

Kisha fungua mipangilio ya DNS. Hii ndiyo huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na anayeidhibiti anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa benki usio wa benki. Zinazopaswa kuwepo ni za mtoa huduma wako, au zile ulizoweka kwa hiari, kama 8.8.8.8 ya Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare au 9.9.9.9 ya Quad9. Ukikuta namba usiyoijua, mpigie mtoa huduma na umsomee. Isipokuwa yake, ifute, halafu ubadilishe manenosiri ya barua pepe na benki ukiwa kwenye data ya simu.

Zima usimamizi wa mbali, futa milango iliyofunguliwa kuelekea ndani («Port Forwarding») ambayo hukuifungua wewe, na usasishe programu ya ruta. Ukikuta mambo mengi yamevurugwa, kurudisha hali ya kiwandani kunakubalika sasa, lakini kwanza mwombe mtoa huduma jina la mtumiaji na nenosiri la muunganisho.

## Hatua ya 10: Rudi uangalie

Fungua orodha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kwa saa tofauti na zile za mwanzo. Dakika tano zinatosha sasa, kwa kuwa karatasi unayo. Kila kifaa kipya kinachonunuliwa kiandikwe siku hiyo hiyo.

Usijaribu kuingia kwenye kifaa cha mgeni wala kusoma mawasiliano yake, hata kama umemjua. Ukishuku kwamba intaneti yako imetumika kwa uhalifu, zitunze picha za hatua ya 4 na umpe taarifa mtoa huduma kwa maandishi, kwa sababu anwani inayoonekana nje imesajiliwa kwa jina lako.

Na kama mstari ule ule usioujua umerudi siku mbili baada ya nenosiri jipya, WPS ikiwa imezimwa na nenosiri likiwa refu, acha kuichunguza ruta. Nenosiri limetoka ndani. Kaa na watu wa nyumbani, uwaonyeshe mstari huo na saa uliyoonekana, na uwaulize kwa upole ni nani waliyemuunganisha.